Hiyo Iache

Hiyo iache.
Jaladani zimechorwa helikopta tatu,
ndani hamna hata moja. Nimeitazama mara mbili
nikidhani nilisinzia zikapita.

Ya papa, chukua.
Papa mwenyewe ni turubai, mshono waonekana tumboni,
na anayemsukuma, ukikaza macho
dakika ya arubaini na kitu, utaona kisigino chake
na ndara ya buluu.
Lakini yule mwanamke anayeliwa
analia kama mtu aliyeachwa kweli.
Kilio kile si cha papa,
ni cha jambo jingine alilotoka nalo kwao.
Kwa shilingi hamsini, Mombasa hii,
utakipata wapi kilio kama kile?

Ya jini wa Tudor, mh.
Jini amevaa saa ya mkono.
Nilitaka kuitupa. Dzame wa viazi karai akanizuia,
akasema, kwani jini hana miadi?
Sikuwa na jibu. Tangu siku ile naikodisha.

Hii nayo ni masaa matatu, mzee anamenya muhogo.
Vijana wa chuo wanaapa kuwa ndiyo sanaa yenyewe.
Nilivumilia mpaka muhogo wa tano,
stima ikapotea, nikashukuru.
Iliporudi nikajikuta nataka kujua
kama wa sita una mzizi.
Ulikuwa nao.
Basi siwezi kukwambia ni mbovu,
wala nzuri siwezi.
Itazame siku una homa.

Za polisi wawili, mmoja mnene mmoja mwembamba, ruka zote.
Ya bwana harusi kipofu, ruka:
mwanzo mtamu, halafu pesa ziliwaishia,
wakaandika juu ya ukuta mweupe, "Wakaoana,"
nasi tumekaa na mabuyu pakiti nne
tukingojea ngoma!

Ipi? Hiyo ya chini, isiyo na jalada?
Hiyo ndiyo mbovu kuliko zote.
Waliipiga papa hapa Mshomoroni, wiki ya mvua,
kwa kamera ya kukodi ya maharusi.
Sauti yatangulia, mdomo wafuata.
Muuaji kesha inua kisu, mara adhana,
akaushusha mkono, akangoja kwa adabu,
ilipokwisha ndipo akachoma.
Na maiti anapumua.
Chini ya shuka, kifua juu, chini, juu.
Watoto walikuwa wakihesabu kwa sauti, humu humu dukani,
moja, mbili, mpaka kumi na saba,
wakacheka hata mmoja akatapika ukwaju.

Maiti ni Mbwarali, fundi wa mafriji.
Malipo yake chapati mbili na soda;
alisema kazi ya kulala ameizoea.
Fumo, mshika kamera, anapiga kelele, Ami, usipumue!
Naye kutoka ndani ya shuka,
Sasa nipumulie wapi, kwako?
Hata hilo hawakulikata, limo.
Chapati zenyewe nilizisukuma mimi.

Mwaka wa nne huu tangu alazwe Makadara.
Alitoka na shuka nyingine.
Hiyo haikusogea.
Niliitazama sana. Nilihesabu.

Kwa hivyo hiyo haikodishwi.
Ukiniuliza, nitakwambia ni takataka:
hadithi haina kichwa,
mwizi anakamatwa kabla hajaiba,
na mama mkwe ana sauti mbili.
Mimi mwenyewe, duka likifungwa,
huipeleka mbele yote mpaka kwenye shuka.
Kumi na saba.
Kuna usiku nimepata kumi na nane,
sijui nilikosea wapi.

Chukua ya papa.
Irudishe Alhamisi, na usiikwaruze.